Nilichokula kabla ya kupanda Isamilo

Mimi ni fundi cherehani hapa Kirumba, Mwanza. Miaka 26 nimekalia stuli, mguu kwenye pedali, na vidole vyangu vimechomwa sindano mara ambazo sina hesabu yake. Ndiyo maana Januari mwaka huu nesi aliponishika kidole cha shahada atoe tone la damu, akachoma hakuna kitu, akachoma tena hakuna kitu, nikamwonea huruma. "Mwanangu, hapo ni ngozi ya kobe. Hamia kidole cha pete." Kidole cha pete kikatoa damu, mashine ya kupimia sukari ikaandika 6.5.

Wala sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimemsindikiza shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, kliniki ya sukari. Foleni ilikuwa ndefu, na nesi akaona mwanamke wa miaka 49 mwenye kilo 82 amekaa anajipepea kwa kadi ya mwenzake. "Na wewe mama, umekula?" Sikuwa nimekula tangu usiku. Basi.

Wiki iliyofuata nilirudi, ikaja 6.4. Wakanipima na kile kipimo kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu iliyopita, ikaja asilimia 6.1. Daktari akasema, "Mama, kisukari huna, ila uko mpakani." Kisukari chenyewe wanaanza kukihesabu kwenye 7.0 ukiwa hujala kitu, au asilimia 6.5 kwenye kile cha miezi mitatu. Akanieleza habari za utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka mwaka 2002, watu zaidi ya elfu tatu wa mpakani kama mimi. Waliofanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki na kulenga kupunguza asilimia 7 ya uzito, hatari yao ya kuingia kwenye kisukari ilishuka kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformin, dawa ya kisukari, ilishuka kwa asilimia 31. Mimi ni mtu wa futikamba, nikapiga hesabu palepale: asilimia 7 ya 82 ni karibu kilo sita, na dakika 150 ni nusu saa mara tano. Nikaona mbona kazi yenyewe ndogo. Nisichouliza ni nile nini kabla ya kutoka asubuhi, na hicho ndicho kilichonisumbua miezi minne.

Kwetu mtu hatoki nyumbani tumbo likiwa tupu. Nilipomwambia mume wangu nitaanza kutembea alfajiri, kitu cha kwanza alichosema ni, "Utakunywa uji saa ngapi?" Kwa hiyo nikawa naamka saa 11, napika uji wa lishe, nakunywa kikombe kimoja kikubwa chenye vijiko viwili vya sukari, nashushia na ndizi mbivu moja. Halafu nampitia shoga yangu wa nyumba ya jirani tunashika barabara ya Makongoro kwenda mjini, mpaka tunapoliona Jiwe la Bismarck, tunageuza. Jua la Mwanza halina haraka. Saa 12 na nusu, wa Dar es Salaam wameshachomoza kwapa kwenye daladala, huku kwetu ziwa bado lina rangi ya bati. Ukipita jirani na Mwaloni unakuta malori yanapakia dagaa, na harufu yake inakuamsha kuliko chai yoyote. Nilijiona mwanamichezo kamili.

Wiki ya tatu nikanunua mashine yangu ya kupimia. Mashine yenyewe si bei mbaya, kinachokula hela ni stripu, vile vijikaratasi vya kuwekea tone la damu: boksi la stripu 50 kwangu ni ushonaji wa magauni mawili. Asubuhi ya kwanza niliyopima nikapata 11.2. Kabla ya kula! Nilikaa chini jikoni. Nikamwamsha mume wangu nikamwambia mambo yameharibika, nimeshavuka. Akaniangalia mkono, akauliza, "Hilo embe ulilomenyea mtoto, ulinawa?" Sikunawa. Nilikuwa nimemenya embe la mwisho mwisho wa msimu, la mjukuu, utomvu na utamu wote uko kwenye vidole. Nikanawa kwa sabuni, nikajikausha, nikachoma kidole kingine, ikaja 6.3. Tangu siku hiyo siamini namba ya mkono ambao haujanawa, iwe yangu au ya mwingine.

Siku iliyofuata nikafanya kama kawaida: uji, ndizi, barabara. Kabla ya uji 6.5. Niliporudi, saa moja na kidogo baadaye, 8.9. Nimetembea njia yote ile, nimetoka jasho mpaka mgongo wa gauni umelowa, na sukari iko juu kuliko nilivyoondoka. Niliona nimeibiwa. Lakini ukifikiri, uji ule ni unga uliosagwa ukawa kama poda, umeiva ukawa laini, unateleza tumboni bila kizuizi, na juu yake sukari ya mezani na ndizi yenye madoa meusi. Miguu yangu ilikuwa inafanya kazi ya kumaliza uji, basi. Kile nilichokwenda kupunguza hata hakijaguswa.

Kuna kocha wa kikundi cha jogingi ambaye tulikuwa tunapishana naye, kijana mwenye sauti ya spika. Yeye akatuambia, "Mama zangu, asubuhi msile chochote. Tumbo tupu ndiyo linachoma mafuta." Nikahamia upande huo mzima mzima, ndivyo nilivyo, nikiacha kitu naacha na sahani yake. Maji glasi moja, natoka. Na kweli, siku za Bismarck mambo yakawa mazuri: natoka na 6.6, narudi na 5.8. Nesi baadaye alinieleza kwamba misuli ikiwa kazini inavuta sukari kutoka kwenye damu yenyewe, haisubiri sana insulini iifungulie mlango, na kwa mtu kama mimi nisiyetumia dawa, kutembea nusu saa au saa moja bila kula hakuna hatari kubwa. Ini lina akiba yake ya usiku.

Shida ilianza tulipoacha tambarare. Kikundi cha kocha kilikuwa kinapanda kilima cha Isamilo Jumamosi, na mimi na shoga yangu tukasema twende. Anayeijua Isamilo anajua ile njia haikupi nafasi ya kupumua, ni mawe na nyumba zilizokaa juu ya mawe, unainua goti mpaka kifuani. Usiku wake nilikuwa na oda ya sare, sikula cha maana. Asubuhi glasi ya maji tu. Nusu ya kilima magoti yakaanza kutetemeka kama cherehani isiyo na mafuta, jasho la baridi, masikio yanapiga filimbi. Nikakaa juu ya jiwe. Bibi mmoja aliyekuwa anafagia mbele ya nyumba yake akanisalimia, "Mwangaluka mayu," nami nikashindwa hata kuitikia. Akaniletea maji kwenye kikombe cha bati.

Shoga yangu alishaamua: sukari imeshuka, atafutwe mwenye soda. Mashine ilikuwa kwenye pochi. Nikapima palepale kwenye jiwe, bibi ananishikia kikombe. 7.4.

Yaani sukari ilikuwa imepanda, na mimi natetemeka kama mwenye njaa ya siku mbili. Kama ningekunywa soda ile ningekuwa nimeongeza kuni kwenye moto. Nilipomsimulia nesi hakushangaa. Ukiusukuma mwili kwa nguvu ghafla, unaona kuna vita, unatoa adrenalini, na ini linafungua ghala na kumwaga sukari kwenye damu kabla misuli haijaweza kuimaliza. Tena alfajiri ghala huwa liko wazi kidogo hata kama umelala, kwa sababu zile homoni za kukuamsha nazo zinaliambia ini litoe. Sikumwamini mpaka nilipoamka saa 9 usiku siku moja nikapima 5.9, nikalala, nikapima tena saa 12 bila kula wala kunywa kitu: 6.6. Sukari imepanda nikiwa kwenye shuka. Kutetemeka kwa Isamilo, alisema, kulikuwa kiu, usingizi mdogo na mwendo ambao sikuuzoea.

Ila kilichonimaliza siku ile ni nilichokula niliporudi. Chapati tatu, maharage, chai ya maziwa yenye sukari, nikiwa nimesimama, mkono mmoja bado unavua raba. Saa mbili baadaye 10.2. Hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba tunauliza swali nusu. Watu wanabishana ule au usile kabla ya mazoezi, na hakuna anayeuliza ukirudi utakuwa na njaa ya namna gani. Tumbo tupu la kutembea tambarare linarudi nyumbani likiwa na adabu. La kupanda kilima linarudi na hasira.

Kwenye daftari langu la vipimo vya wateja, kule nyuma kabisa, nikachora mistari: nimeamka na ngapi, nimekula nini, njia gani, nimerudi na ngapi, nimekula nini baadaye. Na nikafuata sheria ya ufundi: hurekebishi kiuno na mabega kwa pamoja, maana nguo ikikataa hutajua kosa liko wapi. Wiki moja kitu kimoja. Stripu nilizipanga kwa mkasi, mbili kwa siku, siku tatu kwa wiki.

Yai la kuchemsha lilikuwa la kwanza. Kwa Bismarck halina ubaya, 6.4 kwenda 6.0, lakini kwa kilima lilinikaa kifuani nikabeua njia nzima. Muhogo wa kuchemsha sitaki hata kuusimulia, ni kama kupanda na tofali. Mtindi nilioununua dukani ulinipandisha mpaka nikasoma maandishi ya kwenye kopo nikakuta una sukari. Nikarudi kwa mama anayeuza maziwa mgando kwenye ndoo, yale machachu ya kweli.

Michembe ilinifundisha jambo. Mama mkwe aliniletea mfuko kutoka Magu, nikachemsha na karanga kama wanavyofanya, nikala konzi moja kabla ya Isamilo nikijua ni kidogo. 9.3. Kumbe viazi vikikatwa vikakaushwa juani, maji yanakwenda na ukubwa unakwenda, lakini wanga wote unabaki palepale. Konzi moja ya michembe ni kiazi kizima na zaidi, umekificha tu. Sasa nahesabu: vipande vinne, vitano, na karanga zaidi ya michembe.

Kilichonikaa sawa ni kiporo cha kiazi kitamu cha jana, kipande cha urefu wa vidole viwili, na nusu glasi ya maziwa mgando, nusu saa kabla ya kutoka. Siku nisiyo na kiazi, nusu ya ndizi ambayo bado ina kijani kwenye kikonyo, na karanga za kukaanga zinazojaa kiganja, zile za magazeti za pale stendi. Kwa Isamilo natoka na 6.4 narudi na 6.9 au 7.0, baada ya saa moja imeshashuka yenyewe, na njaa yangu ni ya kistaarabu: chapati moja, mboga, yai, chai ya rangi yenye tangawizi isiyo na sukari. Nimesikia kwamba viazi vikilala wanga wake unasagika taratibu tumboni kuliko vikiwa vya moto. Mimi kwenye daftari langu tofauti ilikuwa ndogo, sukari haikupishana sana. Nakula kiporo kwa sababu saa 11 alfajiri sina hamu ya kuwasha mkaa.

Na siku za tambarare? Sili. Maji, basi. Shoga yangu yeye hawezi, anaona kizunguzungu hata kwenda Bismarck, anakula karanga zake na sukari yake haina tatizo lolote. Kila mtu na kiuno chake.

Hilo la kila mtu na chake nililijua kwa njia mbaya. Mwezi wa sita shemeji alipoona nimepungua akataka kuja na sisi. Sikumuuliza chochote. Nilimwambia kama nilivyoambiwa mimi, "Shem, kwenda Bismarck huhitaji kula, maji tu." Yeye ni mgonjwa wa kisukari wa miaka, anatumia glibenclamide, na kwa kuwa anajua kliniki wanamsisitiza dawa, akameza kidonge chake kwanza ndipo akatoka. Kidonge kile kinaiamrisha kongosho itoe insulini, uwe umekula au hujala. Tulipofika maeneo ya Ghana, hapa hapa Mwanza, akaanza kutembea kwa upande kama kaa. Nikamwita, akanijibu kitu kuhusu baiskeli. Hana baiskeli. Shati lililowa na upepo wa ziwa ulikuwa wa baridi. Nikampima: 3.1, sukari imeshuka mno.

Maduka yamefungwa, saa 12 kasoro. Mama mmoja alikuwa ndiyo kwanza anakanda unga wa maandazi barabarani. Nikachukua sukari yake, vijiko vitatu vya chai vilivyojaa kwenye nusu kikombe cha maji, shemeji akanywa, tukakaa kwenye benchi. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka kuliko yake. Baada ya robo saa nikapima tena, 4.6, na akauliza kwa nini tumekaa. Tukamsubiri aandaliwe andazi la kwanza, akala lote, na safari hiyo andazi lilikuwa halali. Wiki ile ile alirudi kliniki wakambadilishia muda wa dawa, wakamwambia asitoke bila kula na awe na sukari mfukoni. Anaye kijimfuko cha glukosi mpaka leo, amekishona mwenyewe kwenye bukta, kushona kubaya sana. Kwa hiyo wateja wakiniuliza fundi unakula nini asubuhi, siku hizi swali langu la kwanza ni wanatumia dawa gani. Wa insulini na wa vidonge vya namna ile namrudisha kwa daktari wake, simpi habari za kiazi changu.

Jambo jingine ambalo daftari lilinionyesha bila mimi kulitafuta: namba ya kuamkia ilikuwa inafuata chakula cha usiku kuliko kitu kingine chochote. Usiku wa oda nyingi nakula ugali saa 4, mlima wa dona na sangara wa mchuzi, nalala. Asubuhi 6.8. Nikasogeza chakula kuwa saa 1, ugali nikaupunguza ukawa wa ngumi moja, samaki na mlenda vikaongezeka, na nikila nazunguka mtaani dakika kumi na tano kabla ya kukaa. Wiki mbili hivyo, nikawa naamka na 6.0, 6.1. Nilikuwa nahangaika na kijiko cha saa 11 alfajiri wakati sufuria la saa 4 usiku linanicheka.

Watu wamesema, lazima waseme. Hapa mwanamke wa miaka yangu akipungua basi ama anaumwa ama mume ameoa. Mteja mmoja aliniinamia sikioni huku nampima nyonga, "Fundi, kuna nini nyumbani?" Nikamwambia kuna viazi. Magauni yangu nimeyapunguza inchi tatu kiunoni. Mwezi wa tisa nilikuwa na kilo 77, bado chini ya kilo moja kufika ile asilimia 7, na kipimo cha miezi mitatu kilikuja asilimia 5.8. Bado ni mpakani, wanahesabu kawaida chini ya 5.7. Daktari alifurahi kuliko mimi.

Siku hizi napima Jumatatu tu na siku za kujaribu kitu kipya. Zimebaki stripu 11. Nimeziweka kando zinisubirie Desemba, maembe yakijaa sokoni, maana nataka kujua nusu embe dodo itanifanya nini kabla ya kilima. Mjukuu ameshaniambia atamenya yeye.